Engaruka, mji wa wakulima uliobaki mawe

Watu wengi wakisikia habari za miji ya kale huwaza mara moja majumba ya wafalme, ngome za vita na minara mirefu ya nchi za mbali. Lakini iko miji mingine ya kale ambayo haikuwa na jumba la mfalme wala ngome. Ilijengwa na wakulima, jiwe juu ya jiwe, kwa ajili ya kupata chakula cha watoto wao. Mmoja wa miji hiyo uko kaskazini mwa Tanzania, na jina lake ni Engaruka.

Watu wa Engaruka walilima huko kwa muda wa miaka mia tatu hivi, kisha wakaondoka wote. Hawakuacha maandiko hata mstari mmoja. Hata jina walilojiita wenyewe halikuhifadhiwa, kwa maana Engaruka ni jina linalotumiwa na Wamasai, waliofika baadaye. Waliacha mawe tu. Lakini mawe hayo yamepangwa kwa akili nyingi, na mwenye kuyatazama kwa uangalifu anaweza kusoma ndani yake maisha ya watu wale, namna ile ile tunavyosoma kitabu.

Mahali penyewe

Ninyi mnaokaa kando ya ziwa Kivu au ziwa Tanganyika mnalijua lile bonde kubwa lililopasua Afrika. Bonde hilo lina mikono miwili. Mkono wa magharibi ndio wenye maziwa yetu: Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Mkono wa mashariki unatoka Ethiopia, unapita Kenya, na kuingia Tanzania. Engaruka iko katika mkono huo wa mashariki, chini ya ukuta wake wa magharibi, kaskazini ya Mto wa Mbu. Ukiendelea mbele kidogo upande wa kaskazini utaona mlima wa moto uitwao Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita mlima wa Mungu.

Nchi hiyo ya chini ni kavu sana. Kwa mwaka hupata mvua ya milimita 400 tu au hata chini yake, nayo haitoshi kwa mkulima anayetegemea mawingu peke yake. Mwaka mmoja atavuna, na mwaka wa pili atalia njaa. Lakini juu ya ukuta wa bonde ipo milima mirefu, mingine inapita mita 3,000. Huko juu kuna misitu, ukungu na mvua nyingi. Maji ya milima hiyo hushuka kwa vijito vilivyochimba makorongo ya mawe, yakatokea uwandani, na baada ya mwendo mfupi yakanywewa na mchanga.

Hapo ndipo ilipo siri ya Engaruka. Mvua haikuwapo, lakini maji yalikuwapo. Kilichohitajiwa ni watu wenye akili ya kuyakamata yanapotoka korongoni, na kuyapeleka polepole mpaka kwenye mizizi ya mtama kabla hayajapotea mchangani.

Namna walivyopeleka maji

Magofu ya mashamba ya Engaruka yameenea katika eneo la hekta 2,000 hivi, yaani kilomita za mraba 20. Hebu fikirini, ninyi wanafunzi: ukitembea kutoka upande mmoja mpaka upande wa pili utakuwa umechoka, na muda wote huo miguu yako itakuwa ikikanyaga mashamba ya watu wa zamani.

Kazi yao ilianza mlangoni mwa korongo. Waligeuza maji ya kijito yaingie katika mfereji mkuu, wakauongoza mfereji huo kando ya mteremko kwa kushuka kidogo kidogo. Kazi hiyo yataka jicho la fundi. Mfereji ukiteremka mno, maji huenda kwa nguvu na kubomoa kingo zake. Usipoteremka vya kutosha, maji husimama na kutuama. Kutoka mfereji mkuu ilitoka mifereji midogo, na kutoka hiyo midogo maji yaliingia katika kila shamba. Hawakuwa na chombo cha pampu. Maji yalikwenda kwa uzito wake mwenyewe, kutoka juu kwenda chini.

Mashamba yenyewe yalikuwa vipande vidogo, na kila kipande kilizungukwa na mistari ya mawe. Mahali palipoinama, mistari hiyo iliushika udongo na kufanya ngazi, ili maji yasimame juu ya shamba badala ya kukimbia na kuuchukua udongo. Mawe yaliyozidi hayakutupwa ovyo. Wakulima waliyarundika pamoja, na marundo mengine ni makubwa hata mgeni anaweza kudhani ni makaburi ya wakuu. Kumbe ni mawe yaliyookotwa tu ili jembe lipate kupita. Haba na haba hujaza kibaba: rundo moja huenda ni kazi ya baba, ya mwana na ya mjukuu.

Jambo jingine la ajabu liligunduliwa katika miaka yetu hii. Mwaka 2006 mtaalamu Daryl Stump alieleza kwamba katika sehemu ya kaskazini wakulima walijenga kuta fupi za mawe ili kunasa tope lililoletwa na maji. Maji yalipotulia nyuma ya ukuta, tope lilishuka chini, tabaka juu ya tabaka, mpaka likawa shamba. Watu hao basi hawakupata shamba tayari na kulimwagia maji tu. Waliutengeneza udongo wenyewe kwa msaada wa kijito. Mahali ambapo wengine wangeona mawe matupu, wao waliona shamba la miaka ijayo.

Chakula chao kikubwa kilikuwa mtama, kwa maana mbegu zake zilizoungua zimepatikana katika majivu ya kale.

Nyumba na mifugo

Vijiji vyao vilikuwa saba, vyote juu ya mteremko, chini ya ukuta wa bonde. Mbona walijenga mlimani kwenye taabu, wakati uwanda ulikuwa wazi mbele yao? Sababu inaonekana kwa macho. Nyumba zilikuwa juu ya mifereji, na mashamba yalikuwa chini yake. Kila kipande cha ardhi ambacho maji yaliweza kukifikia kiliachwa kwa chakula. Binadamu alikwenda kulala mahali ambapo mtama haukuweza kuota.

Ili kujenga nyumba, kwanza walichimba mteremko na kuusawazisha, kisha wakashika udongo kwa ukuta wa mawe yasiyounganishwa kwa chokaa. Juu ya uwanja huo mdogo walisimamisha nyumba ya miti na majani. Nyumba zimekwisha kuoza zamani, lakini viwanja vyake vingali vinaonekana, kimoja juu ya kingine, kama ngazi kubwa, na katikati yake vinapita vijia.

Karibu na nyumba walijenga mazizi ya mawe. Ng'ombe na mbuzi wa Engaruka hawakutangatanga katika mashamba yaliyobanana hivi. Walifungwa zizini na kulishwa humo. Ndivyo wafanyavyo hata leo Wachaga wa Kilimanjaro, ambao hukatia ng'ombe wao majani na kuyaleta nyumbani. Faida yake ni mbili: mazao hayaliwi na wanyama, na samadi yote hupatikana mahali pamoja ili ichukuliwe shambani. Shamba linalolimwa kila mwaka bila kupumzika huchoka upesi lisipolishwa. Watu wa Engaruka walilijua jambo hilo.

Vitu vya biashara kutoka mbali ni vichache sana katika magofu hayo. Zimeonekana shanga kidogo za kioo, na hizo zatuonyesha kwamba habari za pwani ziliwafikia kwa mbali tu. Engaruka haikuishi kwa pembe za tembo wala kwa dhahabu kama miji ya pwani. Iliishi kwa jembe.

Waliokuja kutazama

Mtu wa kwanza aliyeandika habari za magofu hayo alikuwa msafiri Mjerumani, Gustav Fischer, aliyepita huko mwaka 1883. Alipoona marundo na kuta zilizoanguka, alizifananisha na magofu ya ngome za kale za Ulaya. Mwaka 1935 alifika Louis Leakey, mtaalamu maarufu wa mambo ya kale. Yeye alihesabu viwanja vya nyumba zaidi ya 6,000, akakadiria kwamba mji ule ulikuwa na watu 30,000 mpaka 40,000. Habari hiyo ilienea mbali, na vitabu vingi viliirudia.

Kisha Hamo Sassoon, aliyekuwa mlinzi wa mambo ya kale wa serikali, alichimba huko mwaka 1964 na 1966. Baada yake John Sutton alifanya uchunguzi wa miaka mingi. Nao walitumia njia mpya ya kujua umri wa vitu. Kila chenye uhai, kama mti au nafaka, kina ndani yake kaboni ya namna fulani. Kikifa, kaboni hiyo hupungua polepole kwa kipimo kinachojulikana. Basi wataalamu wakichukua makaa ya jiko la zamani wanaweza kupima kaboni iliyobaki na kukadiria ni miaka mingapi imepita tangu mti ule kukatwa.

Makaa hayo yalionyesha kwamba Engaruka ilianza kujengwa karibu na miaka ya 1400, na ikahamwa katika miaka ya 1700 au muda mfupi baadaye. Kwa hiyo, wakati Nzinga a Nkuwu, mfalme wa Kongo, alipobatizwa mwaka 1491, huko mashariki watu walikuwa wakifungulia maji mashamba ya Engaruka. Hesabu ya watu nayo ilirekebishwa. Sutton alionyesha kwamba nyumba zote hazikukaliwa kwa wakati mmoja. Nyingine zilikuwa za babu, nyingine za wajukuu. Wakazi walikuwa elfu kadhaa tu. Lakini hesabu hiyo ndogo haipunguzi sifa yao. Kazi kubwa iliyofanywa na watu wachache kwa uvumilivu wa vizazi vingi ni ya kustaajabisha zaidi.

Waliojenga walikuwa nani?

Zamani wataalamu wengine waliona vigumu kusadiki kwamba wakulima wa nchi hiyo hiyo wangeweza kufanya kazi ya namna hii. Mwaka 1933 Mwingereza Huntingford aliandika juu ya ustaarabu uliopotea aliouita wa Azania, akidhani kwamba kazi za mawe za nchi hizo zilitoka kwa watu wa kaskazini. Na mwaka 1959 Mwamerika Murdock alisema vilevile kwamba ufundi wa ngazi za mawe na mifereji uliletwa na Wakushi wa kale.

Lakini hakuna haja ya kutafuta mabwana waliopotea. Tazameni majirani. Kaskazini ya Engaruka wako Wasonjo, wanaojiita Batemi. Hao hata leo hulima kwa mifereji, na zamani ugawaji wa maji ulikuwa mikononi mwa baraza la wazee waitwao wenamiji. Nchini Kenya, kwenye ukuta wa bonde la Kerio, Wamarakwet wana mifereji inayopita hata kwenye majabali. Wachaga na Wapare wana mifereji yao. Katika Ethiopia, Wakonso wamejenga ngazi za mawe nyingi hivi kwamba mwaka 2011 nchi yao iliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Ufundi huo basi ni wa Afrika yenyewe, nao ungali hai.

Wengine husema kwamba watu wa Engaruka walikuwa ndugu za Wairaqw wa Mbulu, na wengine huwataja Wasonjo. Huenda pia hawakuwa kabila moja. Watu wanaoondoka katika nchi moja hugawanyika. Hawa huenda kwa wajomba, wale kwa wakwe, na baada ya vizazi viwili watoto husema lugha ya mahali walipopokelewa.

Mbona waliondoka?

Hili ndilo swali kubwa, wala halikupata jibu moja.

Wa kwanza husema: ni vita. Wafugaji wenye nguvu, Wadatoga na baada yao Wamasai, walienea katika milima na nyanda zile, na wakulima hawakuweza kukaa kwa amani. Huenda jambo hilo lilikuwa na sehemu yake. Lakini haielekei kwamba liliua mji peke yake, kwa maana Wasonjo waliishi karibu na Wamasai, wakajilinda, wakabaki na mifereji yao mpaka leo.

Wa pili husema: ni maji. Mito mingine iliyojaza mifereji ya Engaruka siku hizi haina maji ya kutosha. Mingine hutiririka wakati wa mvua tu. Mto Engaruka peke yake ndio unaodumu mwaka mzima. Wataalamu waliochimba tope la ziwa lililo ndani ya kreta ya Empakai, huko juu milimani, walikuta alama za miaka mikavu na miaka ya mvua zilizofuatana kwa karne nyingi. Inaelekea kwamba mji ulipanuka sana katika wakati wa mvua, kisha ukavu ukarudi. Watu walikuwa wameongezeka, mashamba yalikuwa mengi, na maji yakapungua. Pengine pia misitu ya juu iliumizwa, na mlima usio na msitu haushiki maji.

Wa tatu husema: ni udongo. Shamba likilimwa mwaka baada ya mwaka, hata likipewa samadi, linaweza kuchoka. Sutton aliwaza kwamba watu wa Engaruka walikuwa wamejifunga wenyewe katika kazi ya namna moja. Pande zote uwanda ulikuwa mkavu. Hawakuwa na mahali pa kupanua shamba wala njia nyingine ya kupata chakula. Udongo ulipokataa na maji yalipopungua, hapakuwa na mlango wa pili wa kutokea, isipokuwa kuondoka.

Mwenye kufikiri ataona kwamba sababu hizo hazipingani. Mji wenye maji tele huweza kuvumilia adui. Mji wenye udongo mzuri huweza kuvumilia ukame wa mwaka mmoja. Lakini yakikutana yote, udongo mchovu, kijito kikavu na jirani mkali, hata watu hodari hushindwa. Wala tusidhani kwamba waliondoka wote siku moja. Katika mji wa namna hiyo, mfereji ulihitaji mikono mingi ya kuusafisha. Jamaa tano zikihama, zinazobaki hupata kazi mara mbili. Jamaa kumi zikihama, mfereji huziba. Na mfereji ukiziba, hata asiyetaka kuhama hana la kufanya.

Engaruka ya leo

Engaruka haikubaki tupu siku zote. Baadaye wakulima wapya na Wamasai walikaa kando ya mto ule ule, nao wamechimba mifereji yao na kulima mahindi, maharage na migomba. Kwa hiyo maji ya korongo lile yanalisha watu tena. Lakini mashamba mapya yanaingia ndani ya mashamba ya kale, na mifugo hupita juu ya kuta. Mawe yaliyopangwa na mababu huondolewa ili kujengea mambo ya leo. Mtu mwenye njaa hawezi kulaumiwa akilima; lakini kila ukuta unaobomolewa ni ukurasa uliochanwa katika kitabu ambacho hakuna nakala yake ya pili.

Tunajifunza nini?

Wasomaji wapenzi, wengi wetu tunakaa milimani. Katika Kivu, Rwanda na Burundi twajua maana ya mvua kubwa inayoshuka kwenye shamba lililoinama na kuacha changarawe. Wazee wanakumbuka pia jinsi serikali ya Wabelgiji ilivyowalazimisha watu kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na jinsi wengi walivyoichukia kazi hiyo kwa sababu ilifanywa kwa amri na adhabu. Baada ya mwaka 1960 watu wengi waliiacha mitaro izibe, kwa kuwa waliiona kuwa kazi ya Wazungu. Engaruka yatuonyesha kwamba haikuwa hivyo. Waafrika walishika udongo kwa ngazi za mawe miaka mia nne kabla ya afisa wa kilimo wa kwanza, wala hawakusimamiwa na mtu. Walifanya hivyo kwa sababu walitaka wajukuu wao wale.

Lakini yatuonyesha pia kwamba ufundi wa mikono hautoshi ukiwa peke yake. Watu hodari kama wale waliweza kuyageuza maji yaende walikotaka, hawakuweza kuyaumba. Msitu ulio juu ya mlima ni sehemu ya shamba lililo chini yake, hata kama mwenye shamba hajawahi kufika huko. Anayeukata msitu wa juu anaziba mfereji wa jirani asiyemwona.

Na kwenu ninyi wanafunzi kuna jambo moja zaidi. Watu wa Engaruka walifanya kazi kubwa, lakini leo hakuna anayejua walimwitaje mama, waliimba nini wakati wa mavuno, wala nani alikuwa fundi wa mfereji wa kwanza. Katika vijiji vyenu wako wazee wanaojua ni nani alifyeka msitu mahali mnapolima, chemchemi ilikuwa wapi, na kwa nini kijiji cha kwanza kilihama. Jioni, kazi zikiisha, kaeni karibu nao na kuwauliza. Mkiwa na daftari na kalamu, andikeni majina.